Betri Isiyo na Kobalti: Mambo ya Kujua Kabla Kikundi Hakijakopa



Siku hizi karibu kila mkutano ninaohudhuria huku Eastlands, iwe ni Kayole, Umoja au Dandora, ajenda ya mwisho kabla ya "mengineyo" huwa ni betri. Vijana wa bodaboda wanataka kikundi kiwadhamini wachukue pikipiki za umeme. Akina mama wauza samaki wa usiku wanataka taa za kuchaji, wamechoka na moshi wa koroboi. Mwenye kinyozi anataka betri ya kuendesha mashine stima ikipotea. Yote ni mambo mazuri. Lakini nimemwona mweka hazina akitia sahihi mkopo wa laki mbili bila kuuliza swali moja ambalo lingemchukua dakika mbili tu: ndani ya hii betri mna nini?

Ukimuuliza muuzaji, wengi hujibu, "Mama, lithiamu ni lithiamu." Siyo kweli. Lithiamu ni jina la ukoo, siyo jina la mtu. Katika ukoo huo wako wenye kobalti na wako wasio na kobalti, na tabia zao ni mbali mbali kabisa. Mmoja ni mwepesi na mwenye nguvu lakini hasira zake ni karibu. Mwingine ni mzito kidogo, mtaratibu, na anaishi miaka mingi. Diploma yangu ni ya kazi za jamii, siyo ya umeme, kwa hiyo nitaeleza jinsi nilivyoelezwa na mafundi na jinsi nilivyosoma, kwa lugha ya mkutano. Katibu aweza kusoma sehemu moja moja, na wanachama wajadiliane.

Ploti ya wapangaji

Fikiria magorofa mawili ya pale Pipeline, Embakasi, yanayotazamana. Katikati kuna barabara. Wapangaji ni chembe za lithiamu. Betri ikijaa, wapangaji wote wako katika gorofa la upande mmoja, ambalo kwa kawaida limetengenezwa kwa kaboni. Ukiwasha taa au ukianza kuendesha pikipiki, wapangaji wanavuka barabara kwenda gorofa la upande wa pili, kwa sababu huko ndiko wanakopenda kukaa. Wakati wanavuka ndani kwa ndani, umeme nao unazunguka kwa nje kupitia waya, na huo ndio unaowasha taa yako. Ukichaji, unawarudisha kwa nguvu kule walikotoka. Basi. Hiyo ndiyo betri.

Gorofa lile la pili, wanalolipenda, wataalamu huliita kathodi. Hapo ndipo pesa nyingi za betri zinakoenda, na hapo ndipo swali la kobalti linapoingia. Kobalti haipatikani kwa lithiamu wala kwa waya. Iko kwenye kuta za hilo gorofa.

Sasa sikia shida yake. Katika kathodi ya kobalti wapangaji hukaa kati ya sakafu na sakafu, kama magodoro yaliyopangwa kwa tabaka. Ukichaji wanaondoka. Wakiondoka zaidi ya nusu hivi, sakafu zinaanza kulegea na jengo haliko imara tena. Likipata joto kali, la nyuzi kama 150 hivi na kuendelea, kuta zenyewe zinatoa hewa ya oksijeni. Mnajua moto unapenda nini. Ndani ya betri mna kimiminika kinachowaka kama mafuta, na sasa kimeletewa oksijeni kutoka ndani. Ndiyo maana moto wa betri ya namna hiyo ukishaanza haukubali kuzimwa kwa kufunikwa na blanketi.

Wasiotaka kobalti walianza zamani

Kathodi ya kobalti ilivumbuliwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1980, na kikundi cha mzee mmoja Mmarekani aitwaye John Goodenough. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za lithiamu zenye kobalti, na hizo ndizo zilizoingia katika kamera, kompyuta na simu za mkononi. Kwa simu ilifaa sana. Simu ni ndogo, na mtu hataki kubeba tofali mfukoni.

Hata hivyo, kutafuta kathodi isiyo na kobalti hakukungoja magari ya umeme. Palepale Oxford alikuja mtafiti kutoka Afrika Kusini, Michael Thackeray, na mwaka 1983 yeye na wenzake walionyesha kwamba manganizi, madini ya bei nafuu, yaweza kujenga kathodi. Ilikuwa salama zaidi na rahisi. Lakini ilikuwa na udhaifu wake: kukiwa na joto manganizi huyeyuka kidogo kidogo na betri hupoteza nguvu mapema. Gari za Nissan Leaf za kwanza, zile za mitumba ambazo baadhi zinaonekana hapa Nairobi, zilikuwa na betri yenye manganizi kwa sehemu kubwa, na wanaozimiliki wanajua jinsi mwendo wa chaji moja ulivyopungua kadiri miaka ilivyopita.

Hatua kubwa ilikuja Texas, Marekani. Goodenough alikuwa amehamia huko, na yeye pamoja na Akshaya Padhi na wenzao walichapisha mwaka 1997 habari za kathodi ya chuma na fosfeti. Chuma ni chuma, kile kile cha sufuria na mabati. Fosfeti ni jamaa ya ile iliyo katika mbolea ya DAP mnayopanda nayo mahindi kule nyumbani, na mawe yake yanachimbwa hata Minjingu, Tanzania, kwa ajili ya mbolea. (Ya betri husafishwa sana. Usije ukajaribu na gunia la DAP.)

Uzuri wa gorofa la fosfeti ni nguzo zake. Fosfeti hushika oksijeni kwa mkono mgumu sana, haiiachii ovyo hata kukiwa na joto. Tena wapangaji karibu wote waweza kuondoka na jengo likabaki limesimama, likiwangoja. Ubaya wake wa kwanza ulikuwa korido. Gorofa hili lina korido nyembamba, kila mpangaji lazima apite katika mstari wake, na umeme wenyewe haupiti vizuri katika kuta. Wataalamu wengi walisema halitafaa kwa kazi nzito.

Dawa iliyopatikana inanifurahisha kila nikiisimulia. Walisaga ule unga uwe laini kupita kiasi, ili korido ziwe fupi, halafu wakaipaka kila chembe kaboni. Na njia moja ya kupaka hiyo kaboni ni kuchanganya unga huo na sukari kisha kuuchoma mahali pasipo na hewa. Sukari ikiungua inaacha masizi, masizi yanapitisha umeme. Mama yeyote aliyewahi kuunguza sufuria ya karameli anajua masizi hayo yanavyong'ang'ania.

Goodenough alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na umri wa miaka 97. Alifariki mwaka 2023 akiwa ametimiza miaka 100. Wakati huo kathodi ya chuma na fosfeti ilikuwa imeshatoka maabara na kuenea, hasa kwa juhudi za viwanda vya Uchina, ambako karibu yote inatengenezwa mpaka leo. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri zilizowekwa katika magari ya umeme duniani zilikuwa za namna hii. Utafiti haujasimama. Wengine wanaongeza manganizi kwenye ile ya fosfeti ili iwe na nguvu zaidi, wengine wanajaribu nikeli na manganizi bila kobalti kabisa, na wengine wameiacha hata lithiamu yenyewe na kutumia sodiamu, yaani ile ya chumvi. Lakini kwa mtu anayekopa leo, ya chuma na fosfeti ndiyo iliyo madukani.

Na kobalti inatoka wapi?

Inatoka kwa majirani zetu. Katika kila tani kumi za kobalti inayochimbwa duniani, kiasi cha tani saba hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mkoa wa Lualaba ambao makao yake makuu ni Kolwezi, na Katanga ya Juu jirani yake. Watu wa Kolwezi wanaongea Kiswahili. Siyo Kiswahili chetu cha Nairobi, lakini mngeelewana sokoni bila mkalimani. Sehemu kubwa inachimbwa na makampuni makubwa kwa mashine. Sehemu ndogo inachimbwa na watu kwa sururu na kwa mikono, wakishuka katika mashimo yasiyo na miti ya kushikilia udongo. Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakiokota na kuosha mawe hayo, na jinsi kobalti hiyo inavyochanganyika na nyingine mpaka kufika viwanda vya betri. Juni 2019 wachimbaji wa mikono wapatao 40 na zaidi walifukiwa na udongo katika mgodi karibu na Kolwezi.

Katika mkutano mmoja kijana aliuliza, "Basi tukinunua isiyo na kobalti, tumewasaidia hao watoto?" Swali zuri, na sikutaka kulijibu haraka. Kwa upande mmoja ndiyo, hatununui kilichotoka katika lile shimo. Kwa upande mwingine yule baba wa Kolwezi hakuingia shimoni kwa kupenda. Aliingia kwa sababu hakuna kazi nyingine inayolisha watoto wake. Baada ya mwaka 2022 bei ya kobalti ilianguka sana, kwa kuwa migodi mikubwa ilitoa nyingi kupita kiasi na pia kwa kuwa betri za fosfeti zilikuwa zinachukua soko. Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kabisa kuuza kobalti nje ili bei ipande, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Bei ikicheza namna hiyo, wa kwanza kulala njaa ni mchimbaji wa mkono. Kwa hiyo mimi naona tuchague betri kwa usalama na kwa hesabu zetu, wala tusijidanganye kwamba tumemaliza habari ya Kolwezi kwa kubadilisha chaja.

Nyumba yenye mlango mmoja

Sasa turudi Eastlands. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha lenye grili. Ukuta wa jirani ni mabati au ni mawe ya nchi sita. Katika nyumba kama hiyo, betri inayoshika moto saa nane za usiku siyo hasara ya betri tu.

Kikundi kimoja cha wauza samaki, sitataja mtaa, kiliundiwa taa kumi na fundi fulani kwa kutumia seli za laptopu kuukuu. Bei ilikuwa nzuri kweli. Seli za laptopu karibu zote ni za kobalti, na hizo zilikuwa zimeshatumika miaka. Taa moja ilipopotea chaja yake, mwenyewe akanunua nyingine iliyokuwa na tundu linalofanana. Usiku betri ikafura, ikatoa moshi, ikachoma godoro. Kwa bahati mtoto aliamka kwa harufu. Fundi alipoulizwa alisema chaja ndiyo mbaya, muuza chaja akasema taa ndiyo mbaya, na wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli.

Kwa hiyo maoni yangu ni wazi: kwa taa, kwa kinyozi, kwa duka na kwa pikipiki inayolala nyumbani, kikundi kichague ya chuma na fosfeti. Uzito si neno. Kwa nguvu ile ile inazidi ile ya kobalti na nikeli kwa kilo kadhaa, na kibanda cha kinyozi hakipandi mlima. Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Hata ya fosfeti ina kimiminika kinachowaka, na ikipondwa, ikitobolewa au ikichajiwa vibaya yaweza kutoa moshi na kuungua. Tofauti ni kwamba si mwepesi wa hasira. Betri yoyote kubwa isichajiwe karibu na mlango mnaotokea, wala chini ya kitanda, wala usiku watu wakiwa wamelala. Ikianza kufoka moshi, toeni watu kwanza, msivute moshi ule, ni sumu. Moto wa lithiamu ya namna hii hupozwa kwa maji mengi, siyo kikombe, mkishakata stima.

Hesabu ya mweka hazina

Betri huhesabiwa umri kwa mara za kuchaji. Seli za kobalti za simu na laptopu huanza kuchoka baada ya mara 300 mpaka 500. Zile za nikeli na kobalti kidogo, zilizotengenezwa kwa magari na pikipiki, zikitunzwa hufika mara 1,000 hivi au zaidi. Za chuma na fosfeti huanzia 2,000 na zipo zinazozidi hapo sana.

Mwendesha bodaboda anayefanya kazi kutwa huchaji mara mbili kwa siku. Siku sita kwa wiki, hiyo ni mara 624 kwa mwaka. Betri ya mara 1,000 itaanza kuchoka baada ya mwaka mmoja na miezi saba. Ya mara 2,000 itakwenda miaka mitatu na zaidi. Kama mkopo ni wa miezi 24, betri ya kwanza inazeeka deni likiwa bado na miezi mitano. Kijana atakuwa analipa wakati pikipiki yake inasimama Jogoo Road kabla ya saa sita. Muuzaji hatawaambia hesabu hii, ni juu ya mweka hazina kuifanya ubaoni watu wote wakiona.

Kuna njia nyingine ambayo nimeona vijana wengi wanaipendelea: pikipiki inakuwa yako lakini betri inabaki ya kampuni, nawe unaibadilisha kituoni kwa kulipa. Ampersand, iliyoanzia Rwanda na kuingia Kenya mwaka 2022, ni mfano wa utaratibu huo, na Januari 2024 ilifanya makubaliano ya betri na kampuni ya BYD ya Uchina, ambayo inajulikana kwa betri za fosfeti. Hapo hasara ya betri kuzeeka ni ya kampuni, siyo ya kikundi. Lakini pia huwezi kwenda mbali na vituo vyake, na bei ya kubadilisha inapangwa na yeye. Kikundi kipime.

Kusoma maandishi ya betri

Msinunue kwa maneno. Geuzeni betri, someni. Ikiandikwa LFP au LiFePO4, hiyo ni ya chuma na fosfeti. Ikiandikwa NMC au NCM, ina nikeli, manganizi na kobalti. Kwenye seli za mviringo kuna herufi tatu kabla ya namba. ICR ina kobalti. IFR ni ya chuma. INR ni ya nikeli, na mara nyingi ina kobalti kidogo. IMR ni ya manganizi. Ile herufi ya katikati ndiyo siri yote, hata mtoto wa darasa la nne aweza kuikariri. Angalieni pia volti: seli ya fosfeti huandikwa 3.2, ya kobalti 3.6 au 3.7. Taa nyingi nzuri za sola zina hiyo ya 3.2 tumboni.

Maandishi nayo huongopa. Kuna seli za kuukuu zinazovalishwa plastiki mpya na kuuzwa kama mpya. Seli ya ukubwa wa 18650, ile nene kidogo kuliko ya tochi ndogo, ikiandikwa mAh 9900, rudisheni mezani bila kujadiliana. Hata ya kiwanda bora huwa karibu 3500. Na njia ya uhakika ni mita. Mwombeni fundi ajaze seli, aiache saa kadhaa, kisha apime. Ya kobalti itasoma 4.1 hivi. Ya fosfeti itashuka yenyewe hadi 3.3 au 3.4. Fundi anayekataa kupima mbele yenu, tafuteni mwingine. Kariobangi Light Industries na Gikomba mafundi si haba, na wengi ni watu waaminifu.

Chaja ndiyo yenye mitego zaidi. Betri ya "volti 12" ya fosfeti ina seli nne zilizofuatana, na chaja yake hupanda hadi volti 14.6. Betri ya "volti 12" ya kobalti mara nyingi ina seli tatu, na chaja yake hukomea 12.6. Tundu laweza kuwa moja! Ukichomeka chaja ya 14.6 katika ile ya seli tatu, kila seli inasukumwa kuelekea karibu volti 4.9 wakati mwisho wake ni 4.2. Kile kibao cha ulinzi, mafundi wanakiita BMS, kinatakiwa kukata. Katika betri za kuungaunga mara nyingi hakuna kibao. Hilo ndilo lililochoma lile godoro. Kikundi kinunue chaja pamoja na betri, kipake zote mbili rangi moja, na chaja isiazimwe.

Jambo moja la kuudhi kuhusu ya fosfeti: volti zake hazishuki polepole. Zinabaki pale pale, halafu mwishoni zinaanguka ghafla. Kwa hiyo ile mistari ya kuonyesha chaji yaweza kusema nusu na dakika chache baadaye pikipiki imezima. Wazoeeni kilomita, siyo mistari, na angalau mara moja kwa wiki muichaji mpaka ijae kabisa ili hesabu za kibao zirudi sawa. Nimesikia pia watu wakisema ya fosfeti haitaki baridi. Ni kweli haitaki kuchajiwa katika baridi ya barafu, lakini Julai ya Nairobi, hata ikutese namna gani, haijafika huko.

Ikifa, inakwenda wapi

Hapa kuna ubaya wa kutokuwa na kobalti ambao watu hawausemi. Betri kuukuu yenye kobalti na nikeli ina thamani, kwa sababu madini hayo yakirejeshwa ndiyo yanayolipia kazi ya kuyarejesha. Ya chuma na fosfeti haina cha kumvutia mnunuzi isipokuwa lithiamu na shaba kidogo. Vijana wa kuokota taka hawatakuja kuitafuta mlangoni. Itatupwa, na ikitupwa itaishia jaa la Dandora, ambako watoto wetu wanapita.

Wakenya tumeshaona gharama ya betri zilizokufa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia watu sumu ya risasi kabla hakijafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilisimama na wakaaji. Betri za fosfeti hazina risasi, hilo ni heri. Lakini uzembe ni ule ule.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika anayeingiza au kutengeneza bidhaa wajibu wa kuishughulikia inapokuwa taka. Kwa hiyo mnaponunua betri kumi kwa pamoja mna nguvu ya kuandika katika makubaliano: "Muuzaji atazipokea zikiisha." Muuzaji wa mtu mmoja mmoja atacheka. Kwa kikundi cha watu thelathini atafikiri. Na kama mnazo kuukuu tayari, kituo cha WEEE Centre, kilicho upande wa Utawala, hupokea taka za umeme zikiwemo betri. Funikeni vichwa vyake kwa selotepu kabla ya kuzisafirisha, zisigusane njiani ndani ya matatu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kila mwanachama alete taa, redio au pauabenki moja mkutano ujao. Tusome maandishi pamoja. Ngapi ni za 3.2, ngapi ni za 3.7, na ngapi hazina maandishi yoyote?

2. Katika ploti yetu, betri zinachajiwa wapi usiku? Zikishika moto, watu watatokea wapi?

3. Mwendesha bodaboda anachaji mara moja tu kwa siku, siku sita kwa wiki, na mkopo ni wa miezi 30. Betri ya mara 500, ya 1,000 na ya 2,000, ipi itamaliza deni kabla ya kuchoka? Mweka hazina aandike ubaoni.

4. Je, kikundi chetu kimeshamuuliza muuzaji kama atapokea betri zikifa? Nani atamuuliza, na lini?